Joachim Kalinga, Mdhamini wa Walimu na Mume wa Evarista

Mwaka umezunguka, Baba Juliana, tangu asubuhi ile uliponiomba maji ya moto, nami niliporudi na kikombe nikakuta huyahitaji tena. Mahindi uliyoyapanda kwa mikono yako tuliyavuna bila wewe. Tukapanda mengine, nayo sasa yanakauka shambani, na mvua ya Aprili inanyesha hapa Kalenga kama ilivyonyesha siku tulipokuzika.

Sisi wa nyumbani tumechelewa kukuandikia. Wengine wametutangulia. Wadhamini wenzako wa Mfuko wa Walimu walikuandika gazetini kabla arobaini haijafika. Walimu wa Njombe wakafuata. Kisha mwalimu mmoja wa huko Mahenge, ambaye hata sura yake hatuijui, akaandika kwamba wewe ulikuwa baba yake. Yote tuliyasoma. Mwanao Silvester alisoma kwa sauti, mimi nikasikiliza, halafu nikalikunja gazeti nikalitia chini ya godoro nisilione. Leo ni zamu yetu, na wao na wasome.

Tuanze na yale wasiyoyajua.

Hawajui kwamba hukuweza kuchinja kuku. Mtu mzima umesimama na kisu, kuku anakutazama nawe unamtazama, mpaka Silvester aje akupokonye. Hawajui kwamba kila Jumamosi ulinoa majembe yote ya nyumbani, na ya jirani ukiyakuta yameegemezwa ukutani uliyanoa pia bila kuombwa. Ulanzi, pombe ya mianzi, uliunywa mvua zinapoanza, kikombe kimoja tu, basi mpaka mwaka mwingine. Na kikombe hicho kimoja kilitosha kukufanya uimbe nyimbo za kanisani kwa Kihehe mpaka watoto wakaziba midomo wasicheke. Na baridi ya Juni ilipokaza ulilala umevaa soksi zangu, kwa sababu zako, nilizokufumia mimi, ulikuwa umempa mwalimu fulani wa Mufindi aliyekuja amelowa miguu.

Hayo ni yetu. Hayakusemwa kaburini na hayako katika tangazo lao.

Ulifundisha katika shule za misheni mpaka nywele zikawa nyeupe. Ulipostaafu tulidhani sasa umekuwa wa kwetu. Ulikaa nyumbani msimu mmoja tu wa kilimo. Mwaka ule ule kichwa cha Mkwawa kiliporudishwa Kalenga na watu wakajaa kama siafu, ilikuja habari kwamba Mwalimu Kasian, rafiki yako wa tangu chuoni, amefia kwenye shule ya porini upande wa Usangu. Aliugua homa peke yake katika nyumba ya udongo, hana mke karibu, hana dawa. Waliombeba kwenye machela mpaka barabarani ni wanafunzi wake wa darasa la nne.

Ulirudi kutoka mazishini, chakula ukakisukuma pembeni.

"Mama Juliana," ukaniambia, "mwalimu anabebwa na watoto aliowafundisha kuandika majina yao. Haiwezekani. Mwalimu naye lazima awe na watu wake."

Watu hao ukawatafuta. Ulikwenda Mbeya kwa basi la Relwe, la shirika la reli, kumwona Mzee Isihaka, mwuza nguo, ambaye babu yake alikuja huku na misafara ya pwani. Ukamwona Mchungaji Fanueli wa Walutheri. Ukamwona Bi Mwanakhamisi wa Iringa mjini, mjane, naye akaitoa nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe iwe Nyumba ya Walimu, mahali pa kulala mwalimu anayekuja hospitali au anayehamishwa na hana pa kufikia. Mkawa wadhamini wanne wa Mfuko wa Walimu, nawe ukawa mwenyekiti. Watu walicheka. Nani amewahi kuona Mkatoliki, Mlutheri na Waislamu wakikaa meza moja wakauliza ni mwalimu gani anaumwa? Siku ya kwanza kabisa Mchungaji aliuliza kama walimu wa shule za Kiislamu nao ni wa kusaidiwa. Ukamjibu, "Chaki ni ile ile, Mchungaji." Maneno hayo Mzee Isihaka anayarudia mpaka leo, na kila anapoyarudia mimi namwona kama mtu aliyevaa nguo yangu.

Ndiyo, tulikuwa na wivu. Tunao bado, wala hatujaja hapa kuuombea msamaha. Mke anaona wivu kwa kitu kizuri alichopewa, na watoto wanaona wivu kwa baba waliyempenda. Ulipiga viatu rangi zaidi siku ya kikao kuliko siku ya Misa. Ulijua mke wa mwalimu wa Malangali amejifungua nini, na Silvester alipokuuliza umri wa mjukuu wako wa mwisho ulikuna kidevu.

Siku moja nilifuatana nawe Iringa. Mlikuwa na kikao, mimi nikakaa uani pa Nyumba ya Walimu nachambua mchele na wanawake wa pale. Dirishani kikatoka kicheko. Kicheko kirefu cha kutoka tumboni, kinakatika, halafu kinaanza tena kama kimekumbushwa.

"Nani huyo anacheka hivyo?" nikamwuliza mwanamke niliyekaa naye.

Akanitazama. "Si mumeo?"

Nilikuzalia watoto, nikakupikia, nikakuuguza, na kicheko kile sikukijua. Hukuwahi kukileta Kalenga. Niliendelea kuchambua mchele, lakini mawe sikuyaona tena.

Baadaye ndani pakatulia, nikasikia jina la mtoto wetu. Mfuko ulikuwa umepata nafasi moja ya kumpeleka mwalimu wa kike chuoni mwaka mzima, arudi na daraja la juu. Yalikuja majina mawili. La kwanza ni Juliana, binti yetu, aliyekuwa anafundisha shule ya porini karibu na Igawa, kwenye joto na mbu. La pili ni Tusajigwe, binti wa Rungwe asiye na baba wala mama.

Ukatoka nje. Ulisema jina la mwanao likiwa mezani huwezi kukaa mezani. Ukaja ukasimama uani karibu na mimi, mikono nyuma.

"Rudi ndani ukamsemee mtoto," nikakwambia.

"Siwezi, Mama Juliana."

"Basi nani atamsemea?"

"Kazi yake."

Na kweli kazi yake ilimsemea. Hawakukawia. Mzee Isihaka alitoka mwenyewe kukuita, uso unang'aa. "Mwalimu, njoo. Tumeafikiana. Ni Juliana. Mkaguzi amemsifu kuliko wote, wala hatukukutazama wewe."

Mimi nilikwisha simama, Baba Juliana. Nilikwisha inua mikono kupiga vigelegele. Wewe ukaingia ndani, nami nikasikia sauti yako kupitia dirisha lile lile.

"Nawashukuru. Sasa mpelekeni Tusajigwe."

"Kwa nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Bi Mwanakhamisi. "Mtoto ameshinda kwa haki!"

"Ameshinda. Lakini mwalimu aliyeko Songea hatajua alishinda vipi. Atasikia jina tu: Kalinga. Atasema, kumbe Mfuko ni wa akina Kalinga. Na siku akiugua hatatuita." Kisha ukasema wawekeane kanuni, na wakaikubali siku ile ile: kitu cha Mfuko kisiende kwa mdhamini wala kwa mtu wa nyumba ya mdhamini, kiwe kikubwa au kidogo.

Tulirudi Kalenga hatusemezani. Juliana alipokuja likizo ulimweleza wewe mwenyewe, umekaa naye kwenye kigoda. Alisema, "Sawa, Baba." Kisha akachukua ndoo akaenda mtoni, na mitungi yote ilikuwa imejaa.

Tusajigwe alipokuwa anakwenda chuoni alipita kwetu kuaga. Binti mwembamba, mwenye adabu, anapiga magoti mpaka chini. Nilimpikia, sikumnyima. Lakini ulipoinuka kumsindikiza kwenye basi, sanduku lake ulilibeba wewe begani. Sanduku la Juliana lilikuwa likibebwa na Silvester siku zote. Niliwatazama mkishuka njia mpaka migomba ikawaficha.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tukuandikie mbele ya watu.

Machi ya mwaka jana masika yalikuwa mabaya Usangu. Upepo uliezua nyumba ya mwalimu mmoja mbele ya Igawa, mwenye mke na watoto wachanga, na wadhamini mkakubaliana apelekewe mabati. Mzee Isihaka akatoa lori lake. Ukaniambia utarudi upesi. Nilikufungia viazi vya kuchemsha, nikakukumbusha koti. Lori lilinasa tope kabla ya kufika, mkasukuma, mkafika Igawa mmelowa, na kwa kuwa njia ilipita pale pale mkaingia kwa Juliana.

Juliana amenisimulia haya mara nyingi mwaka huu, na kila mara namwomba ayarudie. Anasema alikuwa amepika wali, akawapakulia, na wakati mnakula maji yakawa yanadondoka kutoka darini mpaka sahanini mwa Mzee Isihaka. Nyasi za paa zilikuwa zimeoza. Kitanda chake alikuwa amekisogeza mpaka pembeni kabisa, na daftari za watoto amezifunika kwa gunia.

Mzee Isihaka aliacha kula. "Mwalimu," akasema, "lori limejaa mabati huko nje. Tumwachie mtoto mawili tu, hapa juu ya kitanda."

"Mabati yale ni ya Mfuko," ukajibu.

"Nitayalipa mimi!"

"Wewe pia ni mdhamini. Kesho watasema tunalipiana."

Juliana anasema alitamani kulia akaona aibu mbele ya mgeni. Akatoa sahani. Alipokuwa anaosha vyombo nje kwenye upenu, akaona umevua koti. Ukaingia kwenye mbuga iliyokuwa nyuma ya shule ukaanza kukata nyasi. Ulikata matita na matita, umelowa mpaka shati likashika mbavu. Ukaomba ngazi kwa jirani, ukapanda juu ya paa, umri ule, na mvua inaendelea. Mzee Isihaka alibaki chini anakurushia matita na kamba, anakugombeza.

"Shuka, Mwalimu! Utaanguka! Ngoja ianuke!"

Nawe ukamjibu kutoka juu, na Juliana aliyasikia maneno haya kwa masikio yake: "Mabati ni ya Mfuko, Isihaka. Mikono ni yangu."

Ulipomaliza ulishuka, ukaingia ndani, ukasimama katikati ya chumba ukitazama juu. Halikudondoka hata tone. Juliana anasema ndipo ulipocheka. Kile kicheko. Alikuwa hajawahi kukisikia, na alikaa kitako sakafuni akacheka nawe, na Mzee Isihaka naye mlangoni akacheka huku ananung'unika.

Basi kicheko kile Juliana alikipata. Mimi sijakipata. Nimeshasema, wivu tunao, hata sisi kwa sisi.

Mkaendelea na safari, mabati mkayafikisha. Uliporudi Kalenga ulikuwa unakohoa. Ukasema ni vumbi, wakati hapakuwa na vumbi Tanganyika nzima. Kikaja kichomi. Daktari wa Iringa akasema mapafu yameshikwa yote mawili, nawe ukaomba urudishwe nyumbani, kitandani kwako. Siku zile chache ulikuwa wetu kabisa. Hakuna kikao, hakuna basi la Relwe. Nilikunywesha uji kwa kijiko. Ulinishika mkono mchana kutwa, mbele ya watoto, jambo ambalo hukulifanya hata tulipokuwa vijana. Mungu anisamehe, lakini siku zile nilizifurahia.

Halafu wakaja.

Wakaja kwa malori, kwa baiskeli, kwa miguu. Walimu kutoka Mbeya, Njombe, Mahenge, wamevaa mashati meupe. Jeneza wakalichukua. Silvester alipotaka kushika upande wa kichwa akakuta mikono imejaa, akatembea nyuma ya jeneza la baba yake kama mpita njia. Na Tusajigwe akaja kutoka chuoni, akajitupa kwenye mkeka wa wafiwa, katikati yangu na Juliana, analia "Baba! Baba!" kwa sauti iliyotushinda sisi wote.

Silvester alimwinamia. "Dada, samahani. Wewe ni nani wa marehemu?"

"Mwanawe," akasema.

Juliana akasogea kidogo, akampa nafasi.

Padre alipomaliza, wakampa Mchungaji Fanueli aseme kwa niaba ya wadhamini. Alisema vizuri, machozi yakimtoka, hatumlaumu. Alisema, "Mwenzetu huyu amekufa katika safari ya walimu. Amekufa kwa ajili ya walimu wa nchi hii." Na walimu wote wakaitikia kwa kilio.

Nilitaka kusimama. Dada yako Verediana akanivuta kanga. "Kaa, wifi. Si mahali pake."

Nikakaa. Leo nasimama. Walimu, wadhamini, na ninyi nyote mliosoma yale matangazo: Joachim Kalinga hakufa kwa mabati yenu. Mabati yalisafiri yamefunikwa turubai. Alifia paa la nyasi la binti yake, aliloliezeka kwa mikono yake mwenyewe, ambayo hakuwa ameiweka chini ya kanuni yoyote. Katika maisha yake mlikuwa na fungu kubwa, hatubishi. Kifo chake ni chetu. Hicho hatugawani na mtu.

Baada ya arobaini wadhamini walikuja Kalenga, wote watatu, wakakaa barazani wanazungusha vikombe vya chai mkononi. Nafasi nyingine ya chuo ilikuwa imepatikana. Mchungaji Fanueli alizunguka sana kabla ya kufika.

"Sasa kwa kuwa Mwalimu hayupo tena mezani," akasema, "jina la Juliana halibanwi na kanuni."

Juliana aliweka birika chini. "Kwa hiyo ilibidi baba afe ndipo nisome?"

Bi Mwanakhamisi alijifunika uso kwa mtandio. Mimi nilidhani Juliana atakataa, na moyoni nilitaka akatae. Lakini akasema, "Nitakwenda. Alitaka nisome. Hakutaka tu yeye ndiye awe amenipeleka." Akaenda. Yuko huko hadi sasa, na mambo yake ni mazuri, Baba Juliana. Nyumba ya Igawa anakaa mwalimu mwingine, na tunasikia paa bado halivuji.

Limebaki moja.

Mwezi wa Agosti nilimpeleka mjukuu wako hospitali ya Iringa, nikapita Nyumba ya Walimu kuwasalimu wanawake wa pale. Nikaingia sebuleni, nikakuta unanitazama ukutani. Kumbe mlipiga picha, ninyi wadhamini, kwa yule Mhindi mpiga picha wa Mbeya, siku ya kikao fulani. Umekaa katikati, koti umefunga vifungo, wenzako wamekuzunguka. Hukuniambia. Labda uliona ni jambo dogo. Nyumbani kwetu hapana picha yako hata moja. Nilikuwa nimeanza kuusahau upande mmoja wa uso wako, ule wenye kovu dogo karibu na sikio, na kumbe ulikuwa ukutani kwa watu, wageni wanalala chini yako, wanakuamkia asubuhi.

Nikaomba nionane na wadhamini. Walipokutana nikasimama mbele ya meza yenu, nikasema, "Nimekuja kumchukua mume wangu."

Mchungaji Fanueli alivua miwani. "Mama Juliana, picha hiyo ni mali ya Mfuko. Juliana tulimpeleka kama mwalimu aliyeshinda; wewe unaomba kama mke wa mdhamini, hata kama yeye ametangulia. Nikikupa, nimevunja kanuni yake. Nikikunyima, mimi si mtu."

"Afadhali uivunje!" alisema Bi Mwanakhamisi. "Kanuni gani hiyo ya kumnyima mjane uso wa mumewe? Nyumba hii niliitoa mimi, msumari ule ni wangu. Mama, panda kiti uitungue."

Kiti kilikuwepo. Nilikitazama. Nikakuona juu pale umetulia, huna wasiwasi nami, kama siku ile uani.

"Hapana," nikasema. "Msiivunje. Binti yangu alinyeshewa kwa kanuni hiyo. Mkiivunja leo kwa ajili yangu, basi mtoto alinyeshewa bure."

Nikaaga, nikarudi Kalenga na mjukuu mgongoni, na njia nzima niliuonea wivu ule ukuta.

Lakini kabla ya Krismasi lori lilisimama nje, akashuka Mzee Isihaka, amevaa kanzu na koti zito la baridi, ameshika kitu kimefungwa kwa kitambaa kipya. Alimwendea yule mpiga picha, akamkuta bado ana filamu yake, akamwambia atoe picha nyingine, ya Mwalimu peke yake, wale wengine wote awaondoe. Si mali ya Mfuko, akasema. Ni zawadi ya rafiki kwa shemeji yake.

Nikaifungua. Ulikuwa wewe. Kovu lipo, vifungo vimefungwa. Uko peke yako kama nilivyotaka, ila begani kwako kuna mkono. Mkono tu, umekatwa kwenye kifundo, una pete ya fedha.

Mzee Isihaka aliona ninapotazama, akauficha mkono wake ndani ya koti. "Nisamehe, shemeji. Nilimwambia auondoe. Akasema akiuondoa, bega la Mwalimu litaondoka nao."

Niliutazama mkono ule. Umelala juu yako kwa raha, kama mkono uliozoea. Ndio uliokurushia nyasi kule Igawa. Niliona wivu, Baba Juliana, nao ulikuwa mkali kuliko wivu wote nilioueleza hapa. Kisha nikamwambia, "Uache, shemeji. Bega nalihitaji."

Picha hiyo ndiyo mnayoiona juu ya tangazo hili. Mkiulizana mkono ni wa nani, ni wa Isihaka wa Mbeya.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii kanisani kwetu, kisha watu watakula nyumbani. Walimu na wadhamini wanakaribishwa. Mbele watakaa ndugu.

Unakumbukwa na mimi mkeo Evarista; na mwanao Juliana aliyeko chuoni; na mwanao Silvester na mkewe; na dada yako Verediana; na wajukuu zako wote, ambao umri wao sasa nitakukumbusha kila siku; na ukoo mzima wa Kalinga wa Kalenga na Iringa. Tusajigwe naye ameomba jina lake liandikwe pamoja na watoto. Tulikaa kikao, tukabishana, Silvester akakataa, Juliana akaandika kutoka chuoni kwamba liandikwe. Basi limeandikwa, la mwisho.

Kukukumbuka wengi wataweza, Baba Juliana. Sisi tutakukumbuka kuwashinda, siku zetu zote.